Siku ya tatu mpe jembe: Wakorea wa Marekani kwenye filamu

Filamu ndefu ya kwanza ya Lee Isaac Chung, Mkorea wa Marekani, haina Mkorea ndani yake. Inaitwa Munyurangabo, ilipigwa nchini Rwanda, na kinachosemwa humo ni Kinyarwanda. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Wengi waliokuja kumfahamu mwongozaji huyu baadaye kupitia filamu yake ya Minari hawajapata kuiona, na hilo linanisikitisha, kwa sababu naamini anachokisema kuhusu Wakorea wa Marekani kinaeleweka vizuri zaidi ukipitia kwanza Rwanda.

Mimi ni mzaliwa wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, kwa hiyo maneno mengi ya filamu ile yalinifikia sikioni kabla sijasoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Chung mwenyewe hakukulia kwenye lugha hiyo hata kidogo. Alizaliwa Denver mwaka 1978, wazazi wake wahamiaji kutoka Korea, akakulia shambani karibu na Lincoln, mji mdogo wa jimbo la Arkansas. Kigali alifika pamoja na mkewe, aliyekuwa akijitolea huko, akaanza kuwafundisha vijana kazi ya filamu. Wanafunzi hao ndio waliokuwa kikosi chake, na mazungumzo ya filamu yalijengwa na vijana wenyewe kwa lugha yao, juu ya muhtasari mfupi tu.

Hadithi ni ya marafiki wawili wanaotoka Kigali wakiwa na panga. Ngabo ni Mtutsi, yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994, naye anakwenda kumuua mtu aliyemuua baba yake. Sangwa ni Mhutu, na njiani anataka kupita nyumbani kwao, alikotoroka miaka kadhaa iliyopita. Mama anampokea kwa furaha. Baba hampokei kwa maneno, bali anampa kazi. Sangwa anashika jembe, analima, anakandika ukuta wa nyumba, na wewe mtazamaji unaona baba akilegea kidogo kidogo. Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kumfukuza mgeni kwa adabu. Ndani ya filamu hii nimeiona kwa upande wake mwingine. Anayepewa jembe ni yule ambaye nyumba imekubali kumhesabu. Ngabo, aliyelala chini ya paa lilelile, hahesabiwi, na baba akishajua rafiki huyu ni wa kabila gani, amani ya pale nyumbani inavunjika.

Kisha Ngabo anaendelea peke yake, anafika kwa mtu aliyekuwa akimtafuta, anamkuta yuko kitandani anakufa kwa UKIMWI. Mtu yule anamwomba maji.

Nimeanzia mbali hivi makusudi, kwa sababu jembe na maji ndivyo vitu vilevile Chung alivyokuja kuvitumia alipofika nyumbani kwake mwenyewe. Minari ni hadithi ya Jacob Yi, anayeihamisha familia yake kutoka California kwenda Arkansas miaka ya 1980, kwenye nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa katikati ya shamba. Mchana yeye na mkewe Monica wanafanya kazi katika kiwanda cha kutotolesha vifaranga, wakiwatenga majike na madume. Madume hutupwa, na moshi wake unaonekana ukitoka kwenye bomba. Mtoto wao David anauliza kuna nini kule juu, naye baba anamweleza bila kuficha: dume haliliki vizuri, halitagi, kwa hiyo mimi na wewe tujitahidi tuwe na faida. Sijui sehemu nyingine ya filamu ya uhamiaji inayosema kwa uwazi hivyo hofu ya mwanamume aliyeondoka kwao akiwa na ahadi mdomoni.

Jacob anataka kulima mboga za Kikorea awauzie Wakorea wa miji mikubwa. Kipindi hicho wateja walikuwa wakiongezeka kweli, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ya 1965 ilikuwa imefuta mgawo wa zamani uliowabana watu wa Asia. Anakataa kumlipa fundi anayetafuta maji kwa kijiti, anachimba kisima kwa akili yake, maji yanapatikana, halafu yanakauka. Ndipo anapoelekeza maji ya bomba kwenye mimea, hadi siku moja bomba la nyumbani nalo linanyamaza. Ugomvi wote wa ndoa ya Jacob na Monica unaweza kuufuata kwa kufuata maji tu: yanakwenda shambani au yanakwenda kwa watoto.

Kanisani kuna msichana Mzungu anayemtamkia dada yake David silabi ovyo ovyo, akimwambia amsimamishe akitaja neno la lugha yao. Kuna mvulana anayemuuliza David kwa nini uso wake ni bapa. Filamu nyingi zingeishi hapo, zingeifanya kauli hiyo kuwa jeraha kuu la hadithi. Chung anaipita. Dakika chache baadaye mvulana yule ni rafiki. Jirani anayemsaidia Jacob shambani, Paul, alipigana vita vya Korea, na Jumapili hubeba msalaba wa mbao barabarani badala ya kwenda kanisani. Huyo naye ni Mzungu wa hapo hapo, na hana mahali pa kukaa miongoni mwa wenzake kuliko hata Wakorea waliofika juzi.

Halafu anakuja bibi.

Bibi Soon-ja anatoka Korea na pilipili ya unga, dagaa wakavu na mbegu za minari, mboga inayoota penye maji. Monica akiona dagaa na pilipili machozi yanamtoka. David hamtaki bibi huyu. Analalamika kwamba ananuka Korea, nchi ambayo yeye mtoto hajawahi kuikanyaga, na kwamba si bibi wa kweli kwa sababu haoki biskuti. Siku moja anampa mkojo kwenye kikombe, bibi anaunywa. Nimewasikia watu wakisema sehemu hiyo imewakera. Kwetu, ambako bibi na mjukuu ni watani, ambako bibi humwita mjukuu mume wangu mbele ya watu na mjukuu humjibu vibaya bila kuchapwa, mambo yako wazi. Baba anamtuma David akachume fimbo ya kuchapiwa, David anarudi na jani la nyasi, na bibi ndiye anayesema mtoto ameshinda. Utani umekubaliwa. Tangu hapo yule ni bibi yake. Hakuna aliyemfundisha mtoto juu ya asili yake, hakuna hotuba ya mizizi wala utamaduni. Wamechezeana ubaya wakazoeana.

Youn Yuh-jung, aliyecheza bibi huyo, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2021, akiwa Mkorea wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Kabla ya hapo, alipokuwa kijana na nyota nchini kwao, aliolewa akaenda kuishi Florida miaka kadhaa, akarudi Korea kulea wanawe wawili na kuanza kazi upya. Mimi nikimwangalia akiwa amekaa sakafuni mwa ile nyumba ya magurudumu, naona mwanamke anayejua hasa Marekani ya pembeni ilivyokuwa kwa Mkorea wa enzi hizo. Chung naye aliandika hadithi hii akiwa anakaribia kuiacha kazi ya uongozaji. Alikuwa amekubali kwenda kufundisha kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Utah lililoko Incheon, Korea. Akaamua kujaribu muswada mmoja zaidi, akaorodhesha kumbukumbu zake za utotoni, takriban 80, na humo ndimo Minari ilimotoka.

Sasa tazama ilivyopokelewa. Ilishinda tuzo mbili kuu za tamasha la Sundance mwaka 2020, ya majaji na ya watazamaji. Ilitengenezwa Marekani, na Wamarekani, kuhusu familia ya Marekani. Lakini tuzo za Golden Globes zilikuwa na kanuni kwamba filamu isipokuwa na Kiingereza katika angalau nusu ya mazungumzo yake haiwezi kushindania tuzo kuu, kwa hiyo Februari 2021 Minari ilipewa tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Chung aliipokea akiwa nyumbani, binti yake amemkumbatia shingoni. Wengi walikasirika, nami nilikasirika nao. Mtoto aliyekulia Arkansas amesimulia Arkansas kwa lugha iliyosemwa kweli ndani ya nyumba ya Arkansas, na jibu ni kwamba hiyo ni ya kigeni.

Hasira hiyo ilinipeleka kwa mwigizaji wa zamani sana, Philip Ahn. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, mmoja wa watoto wa mwanzo kabisa wa Kikorea kuzaliwa katika ardhi ya Marekani. Baba yake alikuwa Ahn Chang-ho, kiongozi mkubwa wa harakati za kuikomboa Korea kutoka mikononi mwa Japani. Wajapani walimkamata baba huyo, wakamfunga, na mwaka 1938 akafa akiwa amedhoofishwa na kifungo. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika Marekani, Hollywood ilihitaji nyuso za kuigiza maofisa wakatili wa Kijapani. Wamarekani wenye asili ya Japani walikuwa wamefungiwa kambini. Kazi hiyo akapewa, pamoja na wengine, Philip Ahn. Mtoto wa Ahn Chang-ho akavaa sare ya waliomuua baba yake, filamu baada ya filamu, na watazamaji waliomdhania Mjapani kweli wakamtumia vitisho.

Nilisimama hapo muda mrefu. Mtu mwingine angeweza kukataa. Lakini angekula nini, na angecheza nafasi gani nyingine? Wakati mwingine alicheza Mchina, kama alivyofanya mwaka 1937 pamoja na Anna May Wong katika Daughter of Shanghai, mojawapo ya filamu chache za enzi zile ambapo nyuso mbili za Kiasia ndizo mashujaa. Mkorea hakuwa na sura yake mwenyewe kwenye pazia la Hollywood. Hata sheria ilikuwa hivyo: mzaliwa wa Marekani kama Philip alikuwa raia, ila mhamiaji wa Kikorea kama mama yake hakuruhusiwa kuomba uraia mpaka sheria ya 1952 ilipoondoa kizuizi cha rangi.

Na kuna hili linalosimuliwa juu ya mwanzo wa kazi yake, miaka ya 1930. Mwongozaji Lewis Milestone alipomsikia akizungumza alimkataa, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno kwa nafasi aliyoiombea. Ahn akageuza matamshi, akaharibu lugha yake mwenyewe, akapata kazi.

Hapo ndipo nililikamata jambo zima. Miaka ya 1930 Kiingereza cha Mkorea kimezidi, mwaka 2021 kimepungua. Kipimo hakikuwa na nia ya kumpima mtu. Kiliwekwa ili mwenye kupima abaki na haki ya kupima. Kwa hiyo mimi filamu za Wakorea wa Marekani ninazozipenda ni zile ambazo zimeacha kuufanya mtihani huo. Hazimjibu mtu anayeuliza wewe ni nani hasa. Zimemgeuzia mgongo, zinahangaika na kisima.

Hapa Afrika Mashariki Korea tumeijua kwa njia nyingine kabisa, kwa tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili: wafalme, mapanga, warithi wa makampuni, mvua inayonyesha wapendanao wakikutana. Nazipenda na sitazidharau. Ila mtu akitoka huko akaingia kwenye filamu hizi za Marekani anaweza kushangaa jinsi zilivyo na duka na madeni, na jinsi wazee wake wasivyojua kuomba radhi. Ni Korea ya watu waliochukua mambo ya nyumbani ya mwaka walioondoka wakayahifadhi hivyohivyo, huku kule nyumbani yakiendelea kubadilika.

Kuhusu duka, itazame Gook ya Justin Chon, ya mwaka 2017, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Jina lake ni tusi ambalo Wamarekani waliwatukania watu wa Asia. Ndugu wawili wa Kikorea wameachiwa na baba yao duka la viatu, na rafiki yao ni binti Mweusi wa miaka 11. Siku ni 29 Aprili 1992, siku ambayo mahakama iliwaachia askari polisi waliompiga dereva Mweusi, Rodney King, na Los Angeles ikaanza kuwaka. Mwaka mmoja kabla, binti Mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, alikuwa amepigwa risasi na mwenye duka Mkorea kwa sababu ya chupa ya maji ya machungwa, na mwenye duka hakwenda jela. Ghasia zilipotokea, zaidi ya maduka 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa, na hasara yao ikafika takriban dola milioni 400. Duka la viatu la baba yake Chon lilikuwa miongoni mwa yaliyoporwa. Katika filamu, mwenye duka mkali wa ng'ambo ya barabara anachezwa na baba huyohuyo, Sang Chon. Yeye na Eli, ndugu mkubwa, wanapofokeana kwa Kikorea huku mtaa ukifuka moshi, unasikia vizazi viwili vikilaumiana kwa kosa ambalo hakuna kati yao aliyelifanya peke yake. Mwisho wa filamu una machozi kupita kiasi kwa ladha yangu. Nusu ya kwanza nitaitetea popote.

Past Lives ya Celine Song, ya 2023, wengi mmeiona, kwa hiyo sitakaa sana. Song alizaliwa Seoul, akahamia Kanada akiwa na miaka 12, akaishia New York, na Nora wa filamu yake amepita njia hiyohiyo. Watu huibishania kama hadithi ya mapenzi ya watu watatu. Mimi kilichonikaa ni yale mazungumzo ya kitandani ambapo mume Mmarekani anamwambia mkewe kwamba akiota huota kwa Kikorea, na kwamba ndani yake kuna mahali ambapo yeye mume hawezi kuingia. Hasemi kwa wivu. Anasema kama mtu aliyekwisha kujifunza lugha kidogo kwa ajili hiyo na kugundua kwamba haitoshi.

Lakini wanaonikosesha usingizi zaidi ni watoto walioasiliwa. Tangu vita vya Korea, watoto wapatao 200,000 wamepelekwa nchi za nje, wengi wao Marekani. Justin Chon aliwagusa mwaka 2021 kwa Blue Bayou, hadithi ya mwanamume aliyeletwa Louisiana akiwa mdogo, ana mke na mtoto wa kambo anayempenda, na bado anaambiwa atafukuzwa nchini kwa kuwa wazazi waliomchukua hawakukamilisha karatasi za uraia. Mambo hayo yapo kweli. Sheria ya mwaka 2000 iliwapa uraia watoto walioasiliwa, ila iliwaacha nje wale waliokuwa wamekwisha kutimiza miaka 18 ilipoanza kutumika Februari 2001. Hata hivyo baadhi ya watu walioasiliwa waliilalamikia filamu hiyo, wakisema maisha yao yametumiwa bila wao kusikilizwa, nami nawaelewa.

Wao wenyewe walikuwa wameshasema. Deann Borshay Liem, mmoja wao na mtengeneza filamu, alifika Fremont, California, mwaka 1966. Familia ya Borshay ilikuwa ikimtumia pesa kila mwezi mtoto wa kituo cha yatima aitwaye Cha Jung Hee, ikampenda kwa barua, ikaamua kumchukua. Siku zilipokaribia, Cha Jung Hee wa kweli alichukuliwa na baba yake akarudi kwao. Kituo hakikusema. Kilimchukua binti mwingine, Kang Ok Jin, ndiye Deann wa leo, kikampa jina na karatasi za yule, kikamwonya asimwambie mtu. Kang Ok Jin alikuwa na mama aliye hai, na ndugu. Alipopata Kiingereza cha kutosha akamweleza mama yake wa Marekani, na mama akamwambia ni ndoto tu, watoto wengi huziota. Akiwa mtu mzima alikuta kwenye jalada lake picha mbili za watoto wawili tofauti, jina moja.

Filamu yake ya mwaka 2000, First Person Plural, inaonyesha picha za nyumbani ambazo baba Borshay alizipiga: binti amevaa vizuri, anatabasamu kwenye kila sikukuu. Dada yake wa Marekani anasimulia siku ya uwanja wa ndege, jinsi mama yao alivyomwendea mtoto asiye yeye, na anasema haikujalisha, mmoja kati ya walioshuka alikuwa wao. Anasema kwa upendo wa kweli, na Borshay Liem anaiacha kauli hiyo isimame bila kuikosoa. Baadaye anawapeleka wazazi hawa hadi Korea, anawaketisha chumba kimoja na mama aliyemzaa, na kati yao anakaa mkalimani, kwa sababu binti hawezi tena kusema na mama yake.

Mwaka 2010 alitoa ya pili, In the Matter of Cha Jung Hee, akaenda kumtafuta mwenye jina. Alikuta wanawake wengi wenye jina hilo, akawatembelea, akanywa nao chai, akiwauliza kuhusu utoto wao na viatu alivyovivaa siku ya safari, ambavyo vilikuwa vimetumwa kwa mtoto mwingine. Hakuna filamu ya kubuni kuhusu Wakorea wa Marekani iliyonionyesha kwa uhakika kama huo kwamba mtu anaweza kupendwa kwa dhati kabisa na bado akawa amekalia kiti cha mwingine. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitangaza kwamba serikali ilivunja haki za watoto waliopelekwa nje, na miongoni mwa yaliyothibitishwa ni karatasi za uongo na watoto waliobadilishiwa majina. Yeye alikuwa ameshaliweka mbele ya kamera, kwa jina lake na sura yake, robo karne kabla.